Kutu na Namba

Katika rivolva iliyokaa ardhini miaka mingi, kinachokataa kwanza ni parafujo. Mbao za kitako zimeshaliwa na mchwa, springi imekatika, mtutu umejaa udongo, na hayo yote yanavumilika. Lakini ile parafujo inayoshika bamba la ubavuni, ambayo kichwa chake hakizidi ukucha wa kidole cha mwisho, imeshikamana na mwili wa bastola hata jicho halioni mpaka wao. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Ikiota mahali pa wazi huvimba na kubanduka. Ikiota ndani ya tundu la parafujo haina pa kuvimbia, basi hukaba. Fundi mwenye pupa huingiza bisibisi, hukaza mkono, na husikia mlio mdogo: mfereji wa kichwa umemenyeka. Kuanzia hapo hafungui tena, anatoboa.

Asiye na pupa hudondosha mafuta na kuondoka. Kila fundi ana mchanganyiko wake anaouapia, mazuti kwa wengine, mafuta ya taa na ya gia kwa wengine, na wote wanakubaliana kwamba dawa yenyewe ni muda. Kesho yake anagonga kidogo kwa nyundo nyepesi, ili mtikisiko uyafungulie mafuta njia. Anapasha moto, anaacha ipoe, anadondosha tena. Ukimtazama utadhani hafanyi kitu. Parafujo ikikubali, hukubali ghafla, robo ya mzunguko, na utasikia kama mchanga unasagika ndani.

Ulaya na Marekani wapo wanaofanya kazi hii kwa mapenzi, jioni baada ya ofisi. Wananunua mzoga wa rivolva usiozunguka silinda wala kukunja nyundo, wanaufungua kipande kwa kipande, wanaurudisha uking'aa. Jambo moja katika ufundi wao limenikaa kichwani. Weusi wa bunduki za zamani, ule weusi mzito unaoelekea ubluu, haukuwa rangi ya kupaka. Mafundi walikuwa wakikichukua chuma kilichosuguliwa safi, wakikipaka maji ya asidi, wakikiweka mahali penye unyevu kiote kutu kwa makusudi. Kisha walikitia katika maji yanayochemka, na kutu nyekundu ikageuka nyeusi. Wakaipiga brashi, wakarudia, safari kadhaa, mpaka chuma kikavaa ngozi nyembamba ambayo hewa na jasho la mkono havikupenya upesi. Kwa hiyo kinachoilinda bastola isiote kutu ni kutu yenyewe, iliyopikwa. Na wahifadhi wa makumbusho, wanapopewa silaha iliyooza, mara nyingi hawakwangui kitu: wanaichemsha katika maji safi, wekundu unakuwa weusi, mashimo yanabaki mashimo, na kilichoandikwa juu ya chuma kinabaki kimeandikwa.

Hicho kilichoandikwa ndicho kinachonifanya niandike mimi.

Nipo Bujumbura, mji ambao mtu hawezi kusema barazani kwamba anapenda bastola za kale kama mwingine anavyosema anapenda stempu. Watamtazama. Wala rivolva si silaha ya vita vyetu. Vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993, vilikuwa vya Kalashnikov na guruneti, na waliovipitia katika mitaa ya Kamenge au Cibitoke wanaweza kukutajia silaha kwa mlio wake kabla hujamaliza kuuliza. Rivolva ni ya enzi nyingine, ya boma na kofia ya jua. Ilikuwa kiunoni mwa ofisa, au katika mtoto wa meza ya mwenye duka, na kazi yake kubwa ilikuwa kuonekana.

Wajerumani waliojenga kituo chao cha kijeshi hapa Usumbura, kama mji huu ulivyoitwa wakati huo, mwishoni mwa karne ya 19 walitoka katika jeshi lililokuwa na rivolva mbili za serikali, ya mwaka 1879 na ya 1883. Ni vyuma vizito, vya milimita 10.6, risasi sita, na havina kijiti cha kutolea maganda. Askari alibeba kijiti chake pembeni, akasukuma ganda moja moja kama mtu anayetoa punje kwenye gunzi. Katika mapigano ya karibu hilo ni jambo la kuchekesha, na aliyekuwa akipigana nao kwa mkuki angeweza kulitumia vizuri kama angelijua. Juni 1916 Wabelgiji waliingia wakitokea upande wa Kongo, na pamoja nao ikaingia kazi ya mikono ya mji mmoja wa Ubelgiji, Liège.

Liège ilitufikia kabla ya Wabelgiji. Katika karne ya 19 karakana zake zilitengeneza bunduki za bei nafuu kwa ajili ya soko la Afrika, na Unguja ilikuwa moja ya milango mikubwa ya bunduki kuingia bara. Magobore yalipanda na misafara kupitia Tabora hadi Ujiji, yakavuka ziwa, yakafika hadi kaskazini ya Tanganyika. Rumaliza, ambaye jina lake la nyumbani ni Muhammad bin Khalfan, alijaribu kuingia Burundi akiwa na watu wenye bunduki, na majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yakamrudisha. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalikubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiingie Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Sisi tumo katikati ya mistari hiyo. Sababu waliyoitoa ilikuwa biashara ya utumwa, na ilikuwa sababu ya kweli. Lakini mkataba huohuo uliwaachia wao wenyewe kuingiza wanachotaka kwa majeshi yao, na miaka 13 baadaye, Juni 1903, Mwezi Gisabo alilazimika kukubali masharti ya Wajerumani kule Kiganda.

Tofauti ya silaha ya Liège na gobore la kijijini ni kwamba ya Liège ina cheti mwilini. Kila mtutu ulipitishwa katika jumba la majaribio la mji, ukapigwa baruti ya kupita kiasi, na usipopasuka ukagongwa mihuri: herufi ELG ndani ya yai, nembo ya mnara wa mji, alama ya mkaguzi. Mtengenezaji naye aligonga jina lake au herufi zake, na namba. Kwa anayejua kuzisoma, rivolva iliyooza inaweza kumwambia imezaliwa karibu na mwaka gani, katika karakana ya nani, na kama mtutu na silinda ni ndugu au wameunganishwa baadaye. Namba ya silinda ikitofautiana na ya mwili, ujue kuna fundi aliyeingia katikati, pengine Kigoma, pengine Bukavu, pengine hapahapa.

Na mihuri hiyo ndiyo iliyo juujuu kuliko kitu chochote katika bastola. Kina chake ni chembe ya milimita. Anayeanza na msasa, kwa nia njema kabisa, akitaka kuona chuma cheupe, huifuta kabla hajafika chini ya mashimo ya kutu. Ndiyo maana wakusanyaji wenye uzoefu huogopa bastola inayong'aa mno kuliko iliyooza. Iliyooza bado ina ushahidi. Nimesoma kwamba maabara za polisi zinaweza wakati mwingine kuirudisha namba iliyofutwa, kwa asidi, kwa sababu pigo la muhuri hukandamiza chuma hadi chini ya pale linapoonekana. Hapo palipokandamizwa huitika tofauti asidi inapopita. Chuma kinakumbuka pigo. Ila msasa ukienda chini vya kutosha, hata hapo hapasomeki tena.

Mafundi wa kuifufua rivolva tunao. Buyenzi wamejaa. Mtaa huu wa Waswahili wa Bujumbura, wenye barabara zake za namba, umekuwa karakana ya mji kwa miaka mingi: huku wanachomelea geti, kule wamefungua injini ya Toyota juu ya turubai, mbele kidogo mtu anauza bolti zilizopangwa kwa ukubwa katika makopo ya maziwa. Lugha ya kazi ni Kiswahili kilichochanganyika na Kirundi na Kifaransa cha vipuri, na parafujo hapo ni visi. Mtu wa Buyenzi hatupi chuma. Katika miaka ya 1990, mitaa ilipokuwa ikigawanyika kwa kabila moja moja, Buyenzi ilibaki imechanganyika, na wapo wanaosema ni dini, wengine ni lugha. Mimi nadhani karakana nazo zilichangia: huwezi kumfukuza mwenye toroli ya gesi ukabaki na tochi ya kuchomelea.

Hapo nina mzee ninayempelekea vitu. Anatengeneza charahani, hasa zile Singer nyeusi za mguu, na nikikaa kwenye benchi lake namwona akifanya yaleyale niliyoyaeleza mwanzo, mafuta, nyundo, moto, subira. Ameweka kijaluba cha parafujo zilizotoka salama na hapendi mtu akiguse. Siku moja nilimuuliza.

"Mzee, na mtu akikuletea bastola?"

Hakuinua uso. "Bastola gani?"

"Ya zamani. Imeota kutu. Anataka izunguke tu, aiweke ukutani."

"Anayetaka kuweka ukutani hahitaji izunguke, mwanangu." Akapuliza vumbi kwenye shimo la mafuta. "Mwenye charahani ukimchelewesha atakutukana, utaomba radhi, yataisha. Mwenye bastola ukimchelewesha?"

Akanipa nishike gurudumu wakati yeye akikaza mkanda. Hatukuendelea.

Jibu lake lilikuwa na mambo mawili, na la kwanza ndilo lililonifaa zaidi. Izunguke kwa nini? Neno "hali nzuri" tunalitumia kana kwamba chuma kina hali moja tu ya kurudishwa. Kuna hali ya kupiga: silinda inashika mahali pake, nyundo inaanguka, risasi inatoka. Kuna hali ya kupendeza: nyeusi, laini, kitako kipya cha mti wa mjakaranda. Kuna hali ya kutoendelea kuoza, ambayo mgeni akiiona atadhani hakuna kilichofanyika. Wapenzi wa ng'ambo wanazichanganya zote tatu, na kwao si neno, kwa sababu rivolva yao ina leseni, sanduku la kufungia, na uwanja wa kulengea Jumamosi. Hapa rivolva iliyorudi kupiga haijatengenezwa tu, imeandikishwa upya jeshini, na hujui jeshi la nani.

Nchi hii imeshawahi kukusanya vyuma. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ulikadiria kwamba kaya zipatazo 100,000 za Burundi zilikuwa na silaha ndogo. Ikaundwa tume ya kuwapokonya raia silaha, ikapitishwa sheria ya Agosti 2009, watu wakapewa muda wa kusalimisha kwa hiari kabla ya adhabu kuanza. FNL, kundi la mwisho kubwa la waasi, lilikuwa limeweka silaha chini mapema mwaka huohuo. Kila palipofanyika zoezi la namna hii duniani, meza ya kupokelea huonyesha jambo moja: mwenye mbili huleta iliyooza. Mkaguzi anapokea chuma kisichofyatuka, anakiandika katika daftari, na kila mtu aliyesimama kwenye foleni anajua kwamba ile nyingine imebaki chini ya sakafu, imefungwa katika nailoni, imepakwa grisi. Iliyopendwa ndiyo iliyotunzwa, na kutu tuliyoiona mezani ilikuwa alama ya kutohitajika.

Silaha hizo zilivunjwa. Shirika la MAG, lenye makao yake Manchester, lilisaidia jeshi na polisi kuharibu zilizozidi, na njia ya kawaida ni mkasi mkubwa wa haidroliki unaoukata mtutu, mwili na kifyatulio, ili pasipatikane kipande cha kuunganisha. Sina ugomvi na mkasi. Ningemwona mtu anayelia kwa ajili ya Kalashnikov iliyokatwa kuwa ana nafasi nyingi moyoni. Ila namba lazima iandikwe kabla ya mkasi, na Itifaki ya Nairobi, ambayo Burundi ni mmoja wa waliotia saini Aprili 2004, ina mambo mengi ya alama na kumbukumbu kwa sababu hiyo: silaha isiyo na namba haina ilikotoka, na isiyo na ilikotoka haina wa kuulizwa. Tume, daftari na mkasi vyote vinategemea ile chembe ya milimita.

Kuna silaha moja kubwa ambayo watu wa ziwa hili waliifufua, na inaweza kutufundisha zaidi kuliko rivolva zote za Liège. Meli Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungwa katika maelfu ya masanduku, ikaja Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, ikaunganishwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Jina ni la gavana aliyetawala wakati wa vita vya Maji Maji. Mzinga wake mkubwa ulikuwa wenyewe umefufuliwa: ulitoka katika manowari Königsberg, iliyoangamia Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani waliitoa mizinga yote 10 ya milimita 105 katika matope ya delta, wakaikokota hadi Dar es Salaam, na karakana ikaitengeneza mmoja mmoja. Mingine ikafungwa magurudumu na kuvutwa na wapagazi nchi nzima. Mmoja ukapanda ziwani. Leo mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, na mwingine Pretoria. Ukitaka mfano wa ufundi mtupu wa kurudisha silaha iliyooza katika hali ya kupiga, ndio huo, na waliobeba uzito wake mabegani hawakuulizwa.

Julai 1916, Wabelgiji wakikaribia, amri ikaja meli izamishwe. Mafundi watatu walewale waliokuja nayo kutoka Papenburg ndio waliopewa kazi. Mzinga ulikuwa umeshaondolewa kwenda kupigana nchi kavu. Waliipaka mitambo grisi nene, wakaishusha taratibu tarehe 26 karibu na mdomo wa Malagarasi. Nadhani hii ndiyo grisi muhimu kuliko zote katika historia ya maziwa yetu. Mtu anayezamisha meli ya vita na kuipaka grisi anatumaini kurudi. Wao hawakurudi. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiinua Machi 1924, wakafungua mitambo, wakakuta boila na injini bado zinafaa. Mei 1927 ikaanza safari upya ikiitwa Liemba, na jukwaa la mzinga halina mzinga. Ziwa lenyewe nalo lilisaidia. Maji ya Tanganyika hayana chumvi ya bahari, yana ualkali kidogo, na ukishuka mita 200 hivi hakuna hewa ya kutosha hata kwa kutu. Meli haikuzama kina hicho, lakini iliangukia maji yasiyo na uchu wa chuma.

Liemba ilikuwa ikifika Bujumbura, na wazee wa bandarini wanaikumbuka kwa honi yake. Vita vyetu vikaikata njia. Lakini Mei 2015, baada ya maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Pierre Nkurunziza na jaribio la mapinduzi la tarehe 13, makumi ya maelfu ya Warundi walikimbilia Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na maji, kisicho na barabara ya gari. Kipindupindu kikaingia. Njia pekee ya kuondoa watu wengi kwa pamoja ilikuwa ziwa, na chombo kilichopatikana kilikuwa Liemba. Haikuweza kutia nanga ufukweni. Mitumbwi na maboti madogo yaliwapeleka watu hadi ubavuni, wakapandishwa, mia kadhaa kwa safari, hadi Kigoma. Katika waliopanda walikuwamo watu wa mitaa yangu. Chuma walichokanyaga kilitengenezwa ili kulishika ziwa hili kwa mzinga.

Waliorudisha Liemba hawakuirudisha katika hali yake ya kwanza, na hapo ndipo ninapotofautiana na wapenzi wa ng'ambo, ambao sifa yao ya juu kabisa ni kwamba kitu kimerudi kama kilivyotoka kiwandani. Meli ilikuwa na kazi nyingine ya kufanya. Rivolva haina. Huwezi kuivulia samaki wala kuivushia watu. Msumbiji walijaribu kuipa bunduki kazi: kuanzia 1995 mradi wa makanisa ulioanzishwa na Askofu Dinis Sengulane uliwapa watu majembe na charahani badala ya bunduki, na wasanii wakapewa vipande vilivyokatwa. Kiti cha enzi cha msanii mmoja wao, Kester, cha mwaka 2001, kiko British Museum. Ni bunduki tupu, na ukiangalia vizuri mgongo wake utaona vitako viwili vyenye matundu yanayofanana na nyuso. Nakipenda. Lakini ni kiti kisichokaliwa, na vipande vyake havisemi tena vilipita mikononi mwa nani.

Kwa hiyo kama mtu akichimba msingi Rohero, au choo Buterere, akakuta rivolva ya zamani, ningemwomba aiache kutu yake. Awaite polisi, sheria inamtaka hivyo, na hata kama chuma kimeshikana kabisa asijaribu kukizungusha. Risasi iliyokaa ndani miaka 80 haina adabu. Baada ya hapo ningetamani iende Gitega, kwenye makumbusho ya taifa yaliyoanzishwa mwaka 1955, ikae si mbali na ngoma na vitu vya ikulu ya wafalme. Mhifadhi aichemshe, aikaushe, aipake nta. Mtutu azibe kwa kijiti cha chuma kilichochomelewa kutoka ndani, nyundo ikatwe ncha. Wakusanyaji watasema nimeiharibu. Mtutu umeharibika, kweli, na mihuri imebaki yote.

Fundi wangu nilimweleza mpango huo akiwa amevua miwani anakunywa chai. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kitu kimoja, parafujo wataifungua au wataiacha. Nikamwambia wataiacha. Akasema basi hiyo kazi hata mimi naweza kuifanya, na bei ni ndogo, ila wakiandika kibao waandike namba kwanza, halafu jina la mji ilikotengenezwa, halafu mahali ilipochimbuliwa. Tarehe ya kuchimbuliwa pia. Nikamuuliza vipi kuhusu mwenye nayo. Akasema huyo waache nafasi, wasiijaze kwa kubahatisha, anaweza kutokea mjukuu.